Mvua ya Jumapili

"Umejaribu kukiondoa kituo kimoja kimoja?"

Profesa Kisu aliuliza hivyo Alhamisi moja kwenye ngazi za ghorofa ya pili, kikombe cha chai mkononi, kwa sauti ya mtu anayeulizia hali ya watoto. Mama Wastani akajibu palepale, hata mate hakumeza. "Nimejaribu, Profesa. Vyote." Profesa akaitikia kwa kichwa, akasema vizuri sana, akapanda zake.

Kisu ni jina la utani, na hakuna anayethubutu kulitamka mbele yake. Alipewa kwa jinsi anavyokata kazi za watu: anasoma kurasa mia, anauliza swali moja, na mwenye kazi anarudi nyumbani kuanza upya. Yeye ndiye mwenyekiti wa kamati ya kupandisha vyeo pale chuoni. Mama Wastani naye jina lake kapewa na wanafunzi wa mwaka wa kwanza, ambao wastani ndio kitu pekee wanachokikumbuka mtihani ukiisha. Hana kinyongo nalo. Amefundisha takwimu miaka mingi na anajua yapo majina mabaya zaidi. Wenzake wawili wanayo.

Utafiti wake ni mvua. Si kuitabiri, kutabiri ni kazi ya watu wa hali ya hewa na ya magoti ya wazee. Yeye anaichunguza tabia: inapenda kuja lini, ikija inakaa muda gani, inapendelea mtaa upi. Ametandaza vipima mvua mji mzima, katika shule, zahanati na nyumba za watu wenye moyo, na kila asubuhi saa moja msomaji wa kila kituo anachungulia kipimo chake, anamtumia namba kwa simu, kisha anamwaga maji. Namba ya asubuhi huandikwa kuwa ya mvua ya jana yake. Namba hizo ndizo zilizompa ugunduzi. Mvua nyepesi, zile za kulowesha vumbi tu, zilikuwa zinaangukia Jumapili kuliko siku nyingine yoyote. Akaandika kwamba moshi na vumbi la magari ya wiki nzima hujikusanya angani, na wiki ikiisha wingu linapata pa kushikia. Makala ikachapishwa. Redio wakamhoji. Muuza mkaa wa mtaani kwake akaanza kumwita mama wa mvua na kufunika magunia yake kila Jumapili, jua liwake lisiwake.

Na alikuwa na haja na ugunduzi huo, jamani. Mara ya kwanza alipoomba uprofesa aliambiwa kazi yake ni safi ila haina mvuto. Mara ya pili aliambiwa asubiri kidogo, na akiwa anasubiri akapitwa na kijana ambaye yeye mwenyewe alimfundisha tangu mwaka wa kwanza. Kijana huyo sasa ana ofisi yenye zulia. Yeye anachangia chumba na mashine ya fotokopi iliyokufa, na watu huingia bila kubisha wakidhani ni stoo. Jumamosi ya wiki ijayo angetoa mhadhara wa hadhara juu ya mvua ya Jumapili, na kamati ingekaa siku hiyohiyo. Akikosa safari hii, kustaafu kungemkuta na cheo kilekile.

Basi akashuka ngazi moyo mweupe, mpaka ngazi ya mwisho. Hapo akasimama.

Vyote, alikuwa amesema. Kukiondoa kituo kimoja kimoja ni kazi ya kawaida kwa mtu wa takwimu: unaitoa shule hii, unaangalia kama matokeo bado yanasimama, unairudisha, unaitoa zahanati ile. Yakisimama bila kutegemea kituo chochote kimoja, unalala usingizi. Naye alifanya. Tena alikwenda kwa miguu yake kwenye kila kituo, akapima umbali wa miti, akaondoa kiota cha ndege kwenye kipimo cha zahanati, akagombana na mwalimu mmoja aliyemfunga mbuzi kwenye nguzo ya kipimo. Lakini kituo cha kwanza, kile cha uani kwake, hakukikagua wala hakukiondoa. Akague nini kwake? Kwenye kompyuta, orodha ya vituo vya kukaguliwa ilianzia cha pili, na yeye mwenyewe ndiye aliyeiandika hivyo.

Akarudi juu mbio, akajifungia ofisini, akakiondoa kituo cha uani, akabonyeza. Mchoro ukajichora, na ule mstari mrefu wa Jumapili, uliompeleka mpaka redioni, ukashuka ukalala sawa na wenzake. Akadhani amekosea. Akarudia. Akazima kompyuta, akaiwasha, akarudia tena kwa heshima zote. Jumapili ilikuwa siku kama siku nyingine.

Alikuwa bado ameshika kichwa wakati mhudumu alipofungua mlango kwa ufunguo wake. "Samahani mama, nilidhani ni stoo. Natafuta ufagio."

"Ni stoo," akamjibu. "Chukua."

* * *

Nyumbani, chumba cha mbele ni karakana ya mumewe, ambaye ni fundi cherehani, na mtu akitaka kuingia ndani hana budi kupita kati ya suti za maharusi zinazoning'inia. Mama Wastani alizipita bila salamu. Alimkuta binti yao wa kidato cha tatu jikoni, akamwita kwa sauti ile ya ukumbi wa mihadhara. Binti huyo ndiye msomaji wa kituo cha kwanza.

"Mwanangu, niambie ukweli na sitakupiga."

"Mama, wewe hujawahi kunipiga."

"Ndiyo maana nakuambia sitakupiga. Jumatatu asubuhi unakisoma kile kipimo, au unaniandikia namba ukiwa kitandani?"

Swali lilimuuma binti, na kilichomuuma zaidi ni jinsi lilivyotoka haraka, kana kwamba mama yake alikuwa nalo siku nyingi. Yeye ambaye huamka saa moja hata likizo, hata akiwa na homa, yeye ambaye wenzake wakilala Jumamosi anachungulia chupa ya maji uani na shuka mabegani.

"Nakisoma. Na maji yanakuwemo, kidogo."

"Hata kiangazi?"

"Hata kiangazi. Tena nilikuja hapahapa jikoni nikakuambia, mama, ardhi kavu lakini kipimo kina maji. Ukasema nini?"

Mama Wastani alikumbuka. Alimwambia kile anachowaambia wasomaji wake wote, kile alichokiandika kwa herufi kubwa kwenye karatasi ya maelekezo: usifikiri, andika unachokiona. Kwa maana msomaji akianza kufikiri huanza kurekebisha, na akianza kurekebisha basi tena.

"Ulisema nisifikiri," binti akamalizia. "Nikaacha. Sasa nimekuwa mwongo."

Fundi, aliyekuwa amemfuata mkewe jikoni, akatoa pini mdomoni. "Mama, hapo umeteleza."

"Nimeteleza," akasema. Akavuta kiti akakaa, akamshika binti yake mkono. "Nisamehe mwanangu. Namba za wasomaji wengine sijui zimetoka wapi, lakini zako najua. Nimekukosea."

"Nimekusamehe. Ila vyombo vya leo ni vyako."

Akakubali, na akiwa anaviosha akawaeleza yote: swali la Profesa, jibu lake, na mchoro uliolala. Walikaa pale wakimtafuta mchawi wa maji. Wakamshuku paka wa jirani, wakalishuku bomba la maji, fundi akamshuku jirani mwenyewe. Barazani alikaa baba yake fundi, mzee mmoja mkakamavu, mstaafu wa zimamoto, na redio yake ndogo pajani. Kila Jumamosi na Jumapili mzee huyo hubeba mkoba wake akaenda kucheza drafti na wastaafu wenzake hadi jioni, na siku nyingine hukaa hapo barazani akingoja Jumamosi. Aliyasikia yote yaliyosemwa jikoni. Hakuelewa kitu kuhusu vituo, akaongeza sauti ya redio.

* * *

Jumapili jioni, mzee aliporudi kutoka kwenye drafti akaenda kuoga, watatu hao walizima taa ya jikoni na kujibana kwenye dirisha linalotazama uani. Kipimo kilikuwa pale peke yake juu ya nguzo yake, mbali na ukuta kama kanuni zinavyotaka. Hakuna anayekwenda upande ule isipokuwa binti, asubuhi.

Mlango wa bafu ukafunguka. Mzee akatoka na ndoo. Akatoa kamba mfukoni, akafunga ncha moja kwenye msumari wa ukutani na nyingine kwenye nguzo ya kipimo, akaivuta kuijaribu, akaridhika. Kisha akatoa ndani ya ndoo suruali ya khaki, akaikung'uta, akaitundika upande wa nguzo. Akafuatisha shati. Maji yakaanza kudondoka kutoka kwenye pindo la suruali, moja kwa moja hadi kwenye mdomo wa kipimo.

"Ile suruali si yetu," fundi akanong'ona.

"Inachuruzikia kwenye kipimo changu."

"Hiyo ni khaki nzito, ikishika maji haiachi leo wala kesho. Na hajaikamua."

"Kwa nini asiikamue?"

"Ukiikamua inakunjamana, pasi haifui dafu. Baba anajua nguo."

Ugunduzi wote wa Mama Wastani ulikuwa pale, ukidondoka tone moja moja. "Nenda kamuulize," akasema.

"Mimi? Nimuulize baba yangu anafua nini?"

"Basi mimi? Nimuulize mkwe wangu habari za suruali yake? Hata aibu huoni?"

Wakabishana hivyo kwa kunong'ona, kila mmoja akimsukumia mwenzake mzigo, mpaka walipotazama tena uani na kumwona binti yao amesimama karibu na kamba, mikono kiunoni.

"Shikamoo babu. Hiyo suruali ya nani?"

"Marahaba. Ya mwenyewe."

"Mwenyewe nani?"

"Aliyeivaa."

Binti akalishika shati, akaligeuza mfuko uonekane. Palikuwa na kitambaa cheupe kilichoshonwa kwa mkono, kimeandikwa MLINZI. "Babu, wewe ni mlinzi?"

"Punguza sauti," mzee akasema. Halafu akatazama dirisha la jikoni, akatikisa kichwa. "Na hao wawili nao watoke, kabla hawajaangusha sufuria."

* * *

Walikaa mezani, mzee akiwa kichwani pa meza, nguo zake zikiendelea kudondoka huko nje. Ilikuwa hivi: tangu mwaka juzi alikuwa akilinda lango la bohari moja ya dawa, zamu za mwisho wa wiki, wakati walinzi wa kawaida wanapumzika. Alikuwa akiondoka nyumbani na nguo za kawaida, akibadilisha kazini, na sare akiifua Jumapili jioni na kuianua alfajiri, kabla ya mtu yeyote kuamka. Drafti hakuwahi kuicheza maishani mwake na wala haijui.

"Umekosa nini hapa, baba?" fundi akauliza. Sauti yake ilikuwa ya chini, nayo ilikuwa na maumivu. "Chakula? Mavazi? Mimi ni fundi, nakushonea mpaka suti. Watu wakikuona langoni watasema nini? Watasema nimeshindwa kumtunza mzazi."

"Watu gani? Nimewafungulia lango karibu miaka miwili, hakuna aliyekutaja."

"Mimi nakuuliza kweli, baba."

"Na mimi nakujibu kweli." Mzee akakunja mikono. "Hapa kila kitu mnanipa, sina la kusema. Lakini hapa nikikaa nimekaa, nikilala nimelala. Kule nikichelewa dakika tano wanapiga simu kuuliza niko wapi. Nimekaa zimamoto maisha yangu yote, mwanangu. Nimezoea mtu kuniulizia. Nilijua ukisikia utaona aibu, ndiyo nikaficha."

Fundi aliona aibu kweli, lakini si ile aliyokuwa nayo mwanzo. Hii ilikuwa ya kupita barazani kila siku, miaka miwili, na kumuuliza baba yake kama ameshakula basi.

"Na nyinyi?" mzee akauliza. "Mlikuwa mnachungulia nini?"

Macho yote yakamgeukia Mama Wastani. Akakohoa. Akamweleza mkwewe, kwa adabu zote, akiiruka suruali kila ilipokaribia, mpaka ikabidi aitaje. Mzee alisikiliza hadi mwisho akiwa amekunja uso.

"Kwa hiyo ile mvua ya redioni..."

"Ni yako, baba."

"Ile waliyosema inatokana na moshi wa magari."

"Inatokana na ndoo yako."

Kisha binti akasema, taratibu tu, "Na muuza mkaa anafunika magunia," na hapo mzee akashindwa. Alicheka mpaka akashika meza, fundi naye akafuata, na Mama Wastani, mwenye msiba mezani, akajikuta anacheka mpaka machozi yanamtoka huku akisema jamani msicheke, hii ni kazi yangu. Walicheka kwa muda mrefu. Kila mmoja alipotaka kuacha alikuta mwenzake hajamaliza.

Walipotulia, fundi akafuta macho na kusema lile ambalo lilikuwa limekaa chumbani tangu Alhamisi. "Lakini mke wangu, kwani nani anajua? Profesa ulishamwambia vyote."

Nisiseme uongo, wazo hilo lilishampitia yeye mwenyewe, tena si mara moja. Aliutaka uprofesa ule. Aliutaka na mlango wake wa kubishwa hodi, aliutaka ili yule kijana wa zulia aache kumwamkia "mama" kwenye korido mbele ya wageni. Na ilitosha anyamaze wiki moja tu.

"Au sema kipimo kiliharibika," fundi akaongeza. "Utakitoa kituo, na baba hatajwi."

"Kipimo hakijaharibika. Kimepima kila tone lililokiangukia, masikini, hakijakosea hata siku moja. Na wasomaji wangu nawaambia waandike wanachokiona. Mimi nimeona." Akamtazama mkwewe, kisha akainamisha macho. "Ila nikiisema suruali nitaulizwa ni ya nani. Na hilo si langu kuamua, baba."

Mzee akamtazama mwanawe. Fundi alikuwa akikikwaruza kitambaa cha meza kwa kucha, kama afanyavyo akipima bei. "Lile shati limekuwa pana mabegani," akasema mwishowe. "Nililiona pale kwenye kamba. Baba, niachie nilipunguze."

"Basi sema, mkwe," mzee akasema. "Na unielekeze ukumbi ulipo, na mimi nije."

* * *

Ukumbi ulijaa. Yule kijana wa zulia alikaa mstari wa mbele, miguu ameipishanisha, pembeni ya Profesa Kisu na wanakamati. Nyuma kabisa alikuwapo muuza mkaa, amevaa shati la kanisani, kaja kumsikiliza mama wa mvua. Mzee alikuwa katikati, kati ya mwanawe na mjukuu wake, katika sare iliyomkaa sawasawa kwa mara ya kwanza tangu apewe. Alibadilishana zamu na mwenzake ili aingie kazini mchana.

Mama Wastani alipanda jukwaani. Alikuwa ameshaamini kwamba uprofesa umekwenda, na kilichobaki ni kuuaga vizuri. Ukutani nyuma yake ukatokea mchoro wa Jumapili, mrefu, wa fahari.

"Wiki iliyopita nilikuwa na ugunduzi," alisema. "Leo nina baba mkwe."

Watu wakatazamana. Akawaeleza. Aliwaeleza kituo cha kwanza na orodha iliyoanzia cha pili. Aliwaeleza kwamba Profesa alimuuliza na yeye akajibu vyote, na haikuwa kweli. Aliwaeleza binti yake aliyeona maji kwenye ardhi kavu akaambiwa asifikiri. Alipofika kwenye kamba iliyofungwa kwenye nguzo, mtu mmoja alicheka nyuma, akajizuia. Alipofika kwenye khaki isiyokamuliwa, ukumbi mzima uliachia, na yeye akasubiri wamalize. Kisha akabonyeza, na Jumapili ikashuka mbele ya macho yao.

"Nimekagua vituo vyote sasa, na changu kikiwa cha kwanza. Siku zote saba ni sawa. Mvua haijui leo ni siku gani. Hilo ndilo ninaloweza kusimama nalo."

Kijana wa zulia akanyoosha mkono. "Kwa hiyo, mama, umetutoa majumbani Jumamosi kutuambia kwamba huna matokeo."

"Ninayo. Mwanzo nilikuwa na matokeo ya suruali. Haya ni ya mvua."

Walicheka tena, na kijana akaandika kitu ambacho hakikuwa na haja ya kuandikwa. Muuza mkaa naye akasimama bila kungoja kuitwa. "Mama, sasa Jumapili nifunike au nisifunike?"

"Funika ukiona wingu, kaka yangu. Siku yoyote."

"Haya. Maana nimenunua turubai."

Profesa Kisu hakucheka. Alisubiri pakawa kimya, akauliza swali lake moja. "Hiyo suruali ipo?"

Katikati ya ukumbi mzee akainuka, akabana visigino. "Ipo, Profesa. Nimeivaa."

Hapo makofi yakapigwa ambayo hata yeye mwenyewe Mama Wastani hakujua yanaanzia wapi. Alimwona mumewe amesimama pembeni ya baba yake, anapiga kuliko wote, na anamwambia mtu wa nyuma yake, kwa sauti ya kusikika, kwamba huyu ni baba yangu mzazi, na sare hiyo nimeitia mkono mimi.

* * *

Kamati ilikaa, na familia ikangoja kwenye benchi la korido. Binti aliwagawia karanga alizonunua getini. Mama Wastani alikuwa mwepesi kwa namna iliyomshangaza; alitafuta huzuni ndani yake akaikuta ndogo, akaila na karanga.

Mlango ulipofunguka Profesa Kisu alitoka na faili mkononi. Wote wakasimama.

"Daktari," alisema, "humu una kazi nyingi, na zote nimezisoma. Kamati haikuwa na shida na yoyote isipokuwa ile ya Jumapili. Mimi ilininyima raha. Nikaona nikuulize pale kwenye ngazi, ukanijibu vyote. Nikasema basi, huyu ameamua kuzama nayo, na sisi hatuwezi kumpandisha mtu anayezama."

"Najua, Profesa. Nilikosea."

"Ulikosea, na leo umeitoa mwenyewe mbele ya mji mzima. Waandikie jarida waifute. Zilizobaki zinatosha, zilitosha tangu mwaka juzi. Kamati imekubali."

Akamtazama haelewi. "Imekubali nini?"

"Kamati ya kupandisha vyeo, Daktari, hukubali nini?"

Akaondoka zake na faili lake. Binti ndiye aliyeelewa kwanza, akamrukia mama yake shingoni na karanga zikamwagika korido nzima. Fundi akawakumbatia wote wawili, akicheka, akilia, akisema mnaona, mnaona, ingawa hakuna aliyekuwa akiona kitu. Mama Wastani alilia waziwazi bila kujifuta. Miaka yote aliyosubiri ilimtoka kwa wakati mmoja, na haikumuuma.

Walipoachiana wakamkuta mzee amesimama mbele yao, kofia kichwani, mgongo umenyooka. Miaka yote katika nyumba ile Mama Wastani ndiye aliyemwamkia mzee huyo na kumwomba ruhusa kabla ya kutoka. Sasa mzee alibana visigino, mkono ukapanda kwenye paji la uso.

"Profesa," alisema, "naomba ruhusa niende kazini."

Alikuwa mtu wa kwanza kumwita hivyo.

"Ruhusa hakuna, baba," akasema Mama Wastani, "mpaka tupige picha."

Simu ikaanza kuita mfukoni mwa mzee. Ni bohari, wanauliza yuko wapi. Aliwajibu yuko na familia yake, akasimama katikati yao, na kazini akachelewa.